Matokeo Halali ya Kata ya Mlazo

Iko nchi moja ambayo jina lake silitaji, si kwa woga bali kwa adabu, maana nchi ile haipendi kutajwatajwa. Ni nchi ya amani sana. Amani yake ni nyingi kiasi kwamba askari huigawa kwa virungu kila wanapoona wananchi wamepungukiwa. Katika nchi hiyo kuna kata iitwayo Mlazo, na katikati ya kata hiyo unapita Mto Kiwese. Upande mmoja ni Mlazo Mjini, kwenye ofisi, soko, shule na zahanati. Upande wa pili ni Mlazo Ng'ambo, kwenye watu.

Juu ya Mto Kiwese kuna daraja. Nalisema hili mapema ili msomaji asinielewe vibaya. Daraja hilo lilifunguliwa rasmi na diwani wa kata, Mheshimiwa Chande Mapande, ndani ya ukumbi wa hoteli, kwa sababu siku hiyo mvua ilinyesha na wageni wa heshima walikuwa wamevaa viatu vizuri. Utepe ulikatwa, makofi yakapigwa, pilau ikaliwa, na picha kubwa ya daraja ikatundikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata. Ni daraja la kupendeza, la zege, lenye taa pande zote mbili. Kasoro yake ni moja tu: mtoni halipo.

Serikali haijawahi kuikubali kasoro hiyo, na mimi ni nani niikubali? Nasema tu kwamba watu wa Ng'ambo, kwa ukaidi wao wa asili, waliendelea kuvuka kwa miguu. Kiangazi walikunja nguo magotini. Masika walishikana mikono wakamwomba Mungu.

Miongoni mwa wakaidi hao alikuwa Mwalimu Hidaya Mtimbwa. Alifundisha darasa la tatu katika shule ya Mjini na alikaa Ng'ambo, kwa hiyo kila asubuhi aliingia majini pamoja na wanafunzi wake, akiwa mbele, fimbo mkononi akipima kina. Masika ya mwaka mmoja mto ulimpokonya wanafunzi wawili, mtu na mdogo wake. Mkubwa alikuwa ameambiwa na mama yake asimwachie mdogo mkono, na hakumwachia.

Mwalimu Hidaya hakulia mbele za watu. Aliwazika wale watoto, kisha akaenda ofisi ya kata na udongo wa kaburi ungali miguuni.

*

Mtendaji wa kata aliitwa Ndugu Lukindo. Ili kubana matumizi, serikali ilikuwa imempa pia usajili wa vifo, usuluhishi wa migogoro na usimamizi wa uchaguzi. Ofisini mwake palikuwa na viti vinne, kila kimoja na kazi yake, na alihama kutoka kiti hadi kiti kulingana na shida ya mtu.

"Shikamoo, Mzee Lukindo."

"Marahaba, Mwalimu. Poleni sana na msiba. Karibu."

"Nimekuja kuuliza ni lini mtatujengea daraja."

Ndugu Lukindo alitabasamu kwa huruma, kama daktari anayemsikiliza mgonjwa wa homa kali. Akanyoosha kidole ukutani. "Daraja mnalo, Mwalimu. Lile pale."

"Ile ni picha."

"Ni picha ya nini?"

"Ya daraja."

"Basi tumekubaliana."

"Mzee wangu," Hidaya alisema, "nimezika watoto wawili leo. Wamekufa maji."

"Na mimi nimesikitika kama mzazi. Lakini ukitafakari kitaalamu, kama daraja lipo na watoto wamekufa maji, basi tatizo si daraja. Tatizo ni malezi."

"Tatizo ni uongo!"

Ndugu Lukindo aliangalia mlangoni, akaangalia dirishani, kisha akainuka haraka akahamia kiti cha uchaguzi. Akasema kwa sauti ya chini, "Neno hilo usiliseme tena mbele ya kiti kile cha utendaji. Nchi yetu ina uhuru. Mtu mwenye malalamiko anaruhusiwa kugombea."

Nadhani alisema hivyo ili amwondoe tu. Lakini Mwalimu Hidaya aliomba fomu papo hapo, na Ndugu Lukindo, kwa kuwa tayari alikuwa amekalia kiti hicho, hakuwa na namna.

Siku ya kurudisha fomu aliikuta ofisi imefungwa. Mlangoni palibandikwa tangazo: *Tumetoka kwenda kuhamasisha wananchi warudishe fomu.* Hidaya alikunja kanga akakaa kizingitini. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikaingia. Jua lilipoanza kupoa, mlango ulifunguka kutoka ndani na Ndugu Lukindo akatoka mbio, jasho likimtiririka, maana choo cha ofisi kiko nje. Hidaya alimwekea fomu mkononi kabla hajafika. Hivyo ndivyo demokrasia ilivyoshinda siku ile, na ni vizuri tuikumbuke siku ile, kwa kuwa haikushinda tena.

*

Kampeni zilifanyika kwa haki kabisa. Mheshimiwa Chande Mapande alipewa uwanja wa mpira, na Mwalimu Hidaya akapewa onyo.

"Ndugu zangu wa Mlazo!" Mheshimiwa alinguruma kwenye kipaza sauti. "Wapo watu wasiopenda maendeleo. Ukiwaonyesha daraja, wanakuonyesha maji! Mimi nawaahidi kwamba mkinirudisha, nitalipanua daraja letu liwe la njia mbili!"

Watu wa Mjini, ambao hawakuwa na haja ya kuvuka kwenda popote, walishangilia. Nyuma kabisa, mtu mmoja alicheka kicheko kirefu mpaka askari wakamsogelea. Alikuwa Mdoe, mdogo wake Hidaya, mfyatua matofali mwenye mabega mapana na mdomo usiojua kufungwa.

Mdoe ndiye aliyekuwa wakala wa dada yake. Alipita nyumba kwa nyumba kule Ng'ambo, na kila alipopita hakuwa na hotuba. Aliuliza tu, "Jamani, kwenu nani amechukuliwa na mto?" Wakishajibu, alinyamaza nao kidogo, kisha akaenda nyumba ya pili. Mke wake, Sikudhani, hakuyapenda mambo hayo.

"Mume wangu, wifi ni mwalimu, wakimfukuza huku atafundisha kwingine," alimwambia. "Wewe wakikushika, mimi nitamshika nani?"

"Mke wangu, nikae kimya mpaka mto umchukue na wa kwetu?"

 Walikuwa na binti mmoja, naye mwaka uliofuata alitakiwa kuanza shule.

*

Siku ya kupiga kura mvua ilinyesha milimani. Watu wa Ng'ambo walijitokeza wote, mpaka wagonjwa walibebwa kwa machela. Walijaza masanduku mawili, na kwa jinsi walivyokuwa wakitazamana wakitoka kituoni, hapakuwa na haja ya kuwauliza wamemchagua nani.

Sheria ya nchi ile inasema kura zote zihesabiwe makao makuu ya kata, na masanduku yafike kabla ya saa sita mchana wa siku ya pili. Waraka wa mwaka huo uliongeza kifungu: masanduku ya Ng'ambo yavushwe darajani, kwa usalama wake.

Asubuhi ya siku ya pili karani wa kituo alisimama ukingoni na masanduku yake mawili, waraka mkononi. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, ukibeba magogo. Upande wa Mjini alisimama Hidaya, ambaye alikuwa amevuka jana yake kabla maji hayajapanda, akisubiri.

"Mimi siwezi kuvuka," karani alisema. "Waraka unasema darajani. Nikipita majini nitakuwa nimekana maendeleo."

"Na usipovuka?" Mdoe aliuliza.

"Saa sita ikipita, kura za Ng'ambo zitakuwa hazikufika."

"Nipe mimi."

"Wakala haruhusiwi kugusa sanduku."

Mdoe alimkazia macho. Karani alikuwa kijana wa watu, na shangazi yake mwenyewe alichukuliwa na mto ule. Akageuka, akaufunga uso kwa viganja vyake viwili. "Mimi sioni," alisema. "Jua linaniumiza macho."

Hapakuwa na jua.

Wanaume walifunga kamba kwenye mti, Mdoe akaishika, sanduku la kwanza kichwani, akaingia. Maji yalimfika kifuani, halafu shingoni.  Alipotokea upande wa pili, Hidaya aliingia mpaka kiunoni akalipokea lile sanduku, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wa wale watoto alicheka.

"Limelowa kidogo, dada," Mdoe alisema akihema. "Lakini kufuli ni zima."

"Pumzika. La pili liache."

"Nusu ya Ng'ambo imo humo. Nitawaambia nini?"

"Mdoe, nakwambia liache!"

Alikwisha kugeuka. Alifika, akabeba sanduku la pili, akarudi. Alipokuwa katikati gogo lilikuja chini ya maji, halikuonekana na mtu. Kamba ilikatika kama uzi. Sanduku lilizunguka mara moja na kuzama. Kichwa cha Mdoe kilitokea chini kidogo, kikatokea tena mbali zaidi, na watu wote waliokuwa pale wanaapa kwamba alipiga kelele neno moja:

"Peleka!"

Wanaume walikimbia kufuata mkondo kila upande. Hidaya alikimbia nao hatua chache, kisha akasimama. Nyuma yake sanduku lilikuwa peke yake kwenye matope, na saa sita ilikuwa inakaribia. Mbele yake mdogo wake aliyemlea mgongoni alikuwa anakwenda na maji.

Mimi sijui mtu huamuaje jambo kama hilo. Najua tu alipiga ukelele mmoja, akarudi, akajitwika lile sanduku, akakimbia kuelekea ofisi ya kata.

*

Alifika kabla ya muda. Hilo halikubishaniwa na mtu.

Ndugu Lukindo alikuwa kwenye kiti cha uchaguzi, amevaa suti. Pembeni yake alikaa Mheshimiwa Chande Mapande akinywa soda. Ukutani daraja liling'aa.

"Sanduku la Ng'ambo," Hidaya alisema, akalitua mezani. Maji yakachuruzika sakafuni.

Ndugu Lukindo alilizunguka. Akaligusa kwa kidole kimoja, akakitazama kidole. "Limelowa," alisema.

"Ndiyo. Hesabuni. Nina haraka, mdogo wangu amechukuliwa na maji."

"Mwalimu, subiri. Sanduku lililopita darajani haliwezi kulowa. Hili limelowa. Kwa hiyo halikupita darajani. Waraka unataka masanduku yapite darajani. Kwa hiyo hili si sanduku la uchaguzi. Ni sanduku tu."

Hidaya alifungua kinywa. Yote yakatoka kwa pamoja. "Daraja gani? Lukindo, daraja gani? Toka nje uende mtoni! Uende sasa hivi ukanionyeshe alipotakiwa kupita! Mdoe anakufa kule!"

"Unasikia, Mtendaji?" Mheshimiwa Chande alisema kwa upole, akiweka chupa chini. "Anasema daraja halipo. Andika."

"Mheshimiwa, amefiwa..."

"Hajafiwa bado. Andika."

Wakati Ndugu Lukindo akiandika, saa ya ukutani iligonga sita. Askari wawili walimtoa Hidaya nje kwa kumshika mabega, na kwa heshima ya taaluma yake hawakumpiga.

Matokeo yalitangazwa palepale barazani, mbele ya wananchi wa Mjini na bendi ya tarumbeta. Ndugu Lukindo aliyasoma bila kuinua uso.

"Kwa mamlaka niliyopewa, natangaza kuwa uchaguzi wa diwani katika Kata ya Mlazo ulikuwa huru, wa haki na mkavu. Mheshimiwa Chande Mapande amepata kura nyingi. Mwalimu Hidaya Mtimbwa amepata kura yake mwenyewe, ambayo hata hivyo imeharibika. Wananchi wa Ng'ambo, kwa kuridhika na huduma wanazopata, hawakuona sababu ya kujitokeza."

Tarumbeta zikapigwa. Mheshimiwa akasimama kushukuru. Alisema ushindi ule si wake, ni wa kila mtu, hasa wale waliomkataa. Alisema hana kinyongo. Alisema katika kata yake hakuna aliyeshindwa.

Hidaya hakuyasikia hayo. Alikuwa anakimbia kando ya mto, kanga imemdondoka, akiita jina la mdogo wake.

*

Walimpata alasiri, chini kabisa, amenaswa na mizizi ya mkuyu. Walimleta zahanati ya Mjini, wakamlaza kwenye baraza na kumfunika shuka, kwa sababu zahanati ile haina chumba cha maiti. Fedha za chumba hicho zilitumika kuweka taa za daraja. Maji yalikuwa yamepungua kidogo. Sikudhani alivushwa na wanaume, akaja akakaa chini kando ya kichwa cha mumewe, akafukuza nzi kwa upindo wa kanga. Hakulia. Alikuwa anasema kwa sauti ndogo, "Nilikwambia. Si nilikwambia?"

Ili mtu azikwe katika nchi ile panahitajika kibali. Hidaya alirudi ofisi ile ile. Safari hii Ndugu Lukindo alikuwa kwenye kiti cha vifo, bila suti, peke yake.

"Mwalimu, pole. Kibali kiko tayari," alisema, akasukuma karatasi. "Weka saini yako tu kama ndugu."

Hidaya akasoma. Palipoandikwa sababu ya kifo, palisema: *Aliteleza darajani.*

 "Nikiweka saini hapa," alisema, "nimesema lipo."

"Ndiyo."

"Na rufaa yangu ya uchaguzi?"

"Itakuwa haina miguu. Utadaije kwamba sanduku halikuwa na daraja la kupita, na wewe mwenyewe umeandika kwamba mdogo wako alikufa juu yake?"

"Nisipoweka?"

Ndugu Lukindo alijifuta jasho. "Kitakuwa kifo chenye utata. Maiti haitazikwa mpaka wachunguzi waje kutoka makao makuu ya nchi. Yule wa mwaka juzi walimjia baada ya mwezi." Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, ambayo nadhani ilikuwa sauti yake ya nyumbani. "Mwanangu, mimi nalijua lile daraja. Kila siku nakaa chini yake. Nina watoto sita. Saini, umzike ndugu yako."

Hidaya aliichukua karatasi akaenda nayo barazani pa zahanati. Alitaka kumweleza wifi yake kila kitu: kwamba sanduku moja limefika, kwamba bado liko ofisini likidondosha maji, kwamba wakivumilia, wakikataa, wakienda mahakamani watu wa Ng'ambo wote nyuma yao, huenda jaji mmoja katika nchi nzima akataka kuuona mto kwa macho yake. Alianza kusema. Jua la alasiri lilikuwa limefika miguuni pa Mdoe.

Sikudhani alimsikiliza mpaka mwisho. "Wifi," alisema, "wanasema ni mwezi?"

"Wanasema."

"Kwenye joto hili?"

Hidaya aliitazama ile karatasi.

"Amekupa uhai wake ulipeleke lile sanduku, na ulilipeleka. Mimi sikukuzuia, hata yeye sikumzuia. Sasa nakuomba kitu kimoja tu. Nataka kumzika mume wangu kabla jua halijazama."

Mwalimu Hidaya aliweka saini juu ya goti lake, pale barazani, kwa mwandiko mzuri ule ule aliofundishia watoto herufi. Kisha alijiinamia akalia mpaka wanawake wa Mjini, waliokuwa wamempigia kura Mheshimiwa Chande, wakaja wakamshika.

Mdoe alizikwa jioni ile. Mheshimiwa Diwani alituma rambirambi. Katika kikao cha kwanza cha Halmashauri mpya alisimama kwa huzuni kubwa akaeleza kwamba wananchi wake wanateleza sana darajani, na madiwani wote, kwa kauli moja, wakapitisha bajeti ya kuweka vyuma vya kushikilia pembeni. Vyuma hivyo navyo vimekwisha kufunguliwa rasmi. Nimeona picha.

*

Rufaa haikukatwa. Hidaya hakufukuzwa kazi. Mheshimiwa alisema asamehewe, kwani amejifunza.

Mwaka uliofuata, siku shule zilipofunguliwa, watu wa Ng'ambo walikusanyika ukingoni kama kawaida. Walikuwa hawasemi naye sana. Wengine walisema aliwauza, wengine walisema wangefanya vilevile, na pande zote mbili zilikuwa sahihi. Sikudhani alikuja akimshika binti yake mkono, sare mpya, viatu vimefungwa shingoni kwa kamba zake. Alisimama mbele ya wifi yake.

"Huyu hapa," alisema. "Sina mwingine wa kumpa."

"Mbakishe nyumbani, Sikudhani," Hidaya alisema. "Nakuomba. Mbakishe tu."

"Akae nyumbani awe nini? Awe kama mimi, asiyeweza kusoma walichoandika juu ya mumewe?"

Mwalimu Hidaya alimpandisha mtoto mgongoni, akamfunga kwa kanga mafundo mawili, akaingia. Watoto wengine wakafuata, kila mmoja ameshika mwenzake, na akina mama wakabaki ukingoni midomo ikicheza bila sauti.

Walifika wote siku ile. Nami, raia mtiifu nisiyetaka matata na mtu, naandika hapa kwamba walipita darajani. Na yeyote atakayeniuliza mbona walifika shuleni wamelowa mpaka shingoni, nitamjibu kwamba asubuhi hiyo darajani palikuwa na umande mwingi.